CHUMBA CHEUPE AU CHUMBA CHA DAMU YA MZEE?

Mtu ajengaye nyumba hupata washauri wengi kuliko wasaidizi. Siku za kuchimba msingi na kubeba maji hawaonekani. Lakini siku ya kuchagua rangi, kila apitaye njiani husimama mlangoni na kutoa shauri lake. Mmoja husema, "Paka nyeupe." Mwingine hucheka na kusema, "Nyeupe katika vumbi hili? Paka rangi nzito." Nao wote wawili wana sababu zao. Leo twataka kuzipima sababu hizo moja moja, ili msomaji atakapokwenda dukani ajue anunuacho, na kwa nini anakinunua.

Tuchukue mfano wa Nawoitorong, kiungani mwa mji wa Lodwar katika Turkana. Hapa ni mahali panapomjaribu sana mwenye nyumba. Joto la mchana hufika sentigredi 35 mara nyingi, na mvua ya mwaka mzima kwa wastani ni kama milimita 200 tu. Upepo huvuma kwa nguvu na kuleta mchanga mwembamba ndani ya kila kitu. Tangu Lodwar uwe makao makuu ya Kaunti ya Turkana mwaka 2013, nyumba za matofali na mabati zimezidi kuongezeka, na watu ambao wazazi wao walikaa katika vibanda vya fito na majani ya mkoma sasa wana kuta nne zilizonyooka, nao huuliza: tuzipake rangi gani?

Tuseme basi kwamba karani mmoja amejenga huko chumba cha matofali, chenye urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3. Kina mlango mmoja, dirisha moja, na paa la mabati. Kuta zimekwisha pigwa lipu. Ana mke na watoto wawili. Wa kwanza yuko darasa la sita, naye husoma usiku kwa taa moja ndogo inayopata nguvu zake katika jua. Wa pili ndiyo kwanza ajifunza kusimama, naye hushika ukuta kwa mikono yote miwili na mara nyingine huulamba. Fedha za rangi zimetengwa, nazo zatosha mara moja tu. Wakikosea, watakaa na kosa lao miaka mingi.

Bwana ataka damu ya mzee, yaani ule wekundu uliokoza ulio karibu na rangi ya kahawia. Bibi ataka nyeupe.

"Mama Watoto," asema bwana, "nyeupe itachafuka kabla ya juma kwisha. Tena rangi nzito hutuliza joto. Ukiingia ndani ni kama umeingia kivulini."

"Baba Watoto," ajibu bibi, "kivuli hicho ni giza tu. Mtoto atasomaje?"

Fundi ameketi juu ya debe lake lililopinduliwa, angoja. Je, ni nani aliye na haki?

JOTO HUTOKA WAPI?

Tuanze na joto, kwa kuwa katika Turkana hilo ndilo neno la kwanza la kila mtu. Ni kweli kabisa kwamba rangi nyeusi au nzito hunywa joto la jua na nyeupe hulirudisha. Ukuta uliopakwa rangi nzito hunywa sehemu 80 au 90 katika kila 100 za joto la jua liupigalo, na ukuta mweupe ulio safi hunywa 20 au 30 tu. Lakini angalia vizuri: habari hii ni ya ukuta upigwao na jua. Jua haliupigi ukuta wa ndani. Huupiga ukuta wa nje, na zaidi ya hapo hulipiga paa, kwani Lodwar si mbali na ikweta na jua la adhuhuri husimama karibu juu ya vichwa vya watu.

Basi joto la chumba hushuka kutoka juu. Bati hupata moto, nalo huutupa moto ule chini juu ya vichwa vya waliomo. Likiisha pata kutu na vumbi hunywa joto zaidi kuliko lilipokuwa jipya. Kuta nazo hupokea joto kwa nje mchana kutwa, na jioni hulitoa kwa ndani. Wakati huo rangi ya ndani haina msaada wala madhara makubwa. Joto litokalo katika ukuta halitazami kama ukuta ni mweupe au mwekundu. Rangi hizi mbili hulitoa karibu sawa. Asiyesadiki na aweke mkono wake saa mbili usiku juu ya ukuta mweupe, kisha juu ya ukuta mwekundu wa nyumba iliyojengwa namna moja na hiyo. Hatahisi tofauti.

Kwa nini basi bwana yule aona kwamba chumba chenye rangi nzito kina ubaridi? Sababu ni macho. Mtu atokaye katika mwanga mkali wa nje akaingia mahali penye giza hupata raha ya macho, na akili huichukua raha ile kuwa ni ubaridi. Ni raha ya kweli, wala hatuidharau. Walakini kipimajoto hakiijui.

Watu wa Nawoitorong wenyewe wana mfano wa kutosha. Mahali pale pamejulikana kwa nyumba ya wageni ya kikundi cha akina mama, iliyojengwa kwa vitu vya mahali penyewe na kuezekwa kwa majani. Wageni waliofika huko waliandika kwamba kwa sababu ya mapaa yale hawakuona haja ya mapanka ya umeme. Hawakusifu rangi ya ukuta, walisifu paa. Kwa hiyo mtu atakaye ubaridi na autafute juu: aweke dari, aache nafasi ya upepo kupita kati ya dari na bati, na kama ana fedha za rangi, alipake bati lake rangi nyeupe kwa nje. Ndani ya chumba, swali la rangi ni swali la mwanga, usafi na afya.

TAA MOJA, VYUMBA VIWILI

Katika habari ya mwanga, bibi ana haki bila shaka. Ukuta mweupe mpya hurudisha mwanga kiasi cha sehemu 80 katika 100. Rangi ya krimu, yaani nyeupe iliyotiwa manjano kidogo, hurudisha kama 70. Damu ya mzee hurudisha kama 10 tu, na zote zilizobaki humezwa na ukuta. Taa ni ile ile na nguvu yake ni ile ile, lakini katika chumba cheupe mwanga wake hugonga ukuta huu, ukarudi, ukagonga ule, ukarudi tena. Katika chumba chekundu hufa penye ukuta wa kwanza.

Lipo jaribio ambalo kila msomaji aweza kulifanya usiku wa leo kwa gazeti hili hili. Weka taa nyuma yako pembeni, kivuli chako kisiangukie ukutani, kisha ushike gazeti mbele yako, uso wa karatasi ukiuelekea ukuta ulio karibu na taa ila si taa yenyewe. Soma kwa mwanga urudio kutoka ukutani. Penye ukuta mweupe utayasoma maneno. Sasa tundika blanketi jekundu lililokoza juu ya ukuta ule ule, usome tena. Utaona kurasa zimekuwa kijivu na maneno yamekimbia. Mtoto asomaye katika chumba cha namna hii hulazimika kukaa karibu kabisa na taa, na kivuli cha mkono wake mwenyewe hufunika daftari.

Wenzetu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za mji wa Lamu, mji ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa ulimwengu, vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwanga haukuingia kwa madirisha makubwa ya njiani. Uliingia kutoka kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Vyumba vimefuatana, cha kwanza mbele na cha mwisho ndani kabisa, na kila kimoja kilipakwa lipu nyeupe ya chokaa. Lipu hiyo iliuchukua mwanga wa kiwandani ikaupeleka ndani hatua kwa hatua, mpaka penye zidaka za chumba cha ndani. Lau kuta zile zingalipakwa rangi nzito, chumba cha ndani kingalitaka taa wakati wa adhuhuri.

Hata hivyo nyeupe nayo yaweza kupita kiasi. Mahali kama Turkana, ambapo mchanga wa nje hung'aa, ukuta mweupe kabisa unaoelekeana na dirisha huumiza macho saa sita mchana. Ndiyo maana krimu ni bora kuliko nyeupe tupu: mwanga hupungua kidogo tu, na macho hupumzika.

VUMBI NA MIKONO

Sasa tuje kwenye uchafu, ambako bwana adhani ameshinda. Ameshinda nusu.

Uchafu wa ukutani ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa watu: mafuta ya vichwa vya walioegemea, alama za vidole, masizi, matope ya miguu, na michubuko ya viti. Huu ni mweusi au wa kahawia, na juu ya nyeupe huonekana kama doa la wino juu ya barua. Damu ya mzee huuficha vema. Lakini tena, uchafu huu haupandi juu sana. Mwingi hukaa chini ya kimo cha kifua cha mtu mzima.

Uchafu wa pili ni vumbi. Mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo wa Lodwar si mweusi. Wafanana na rangi ya nafaka. Mtu aliyevaa suruali nyeusi njiani ajua habari zake. Juu ya ukuta uliokoza vumbi hili huonekana kama unga uliomwagika, hasa likikaa katika vijishimo vya lipu. Juu ya krimu halionekani kwa urahisi, kwa kuwa rangi zao ni ndugu. Basi yule asemaye kwamba rangi nzito huficha uchafu wote, hajaupangusa ukuta wake hivi karibuni.

Tusisahau pia kwamba kuficha si kusafisha. Ukuta wa chumba walalamo watoto wahitaji kuoshwa. Kwa hiyo lililo kubwa kuliko rangi ni namna ya rangi: rangi ya mafuta huoshwa kwa sabuni na kitambaa, chokaa haioshwi, nayo rangi ya maji iko katikati, nyingine huvumilia maji na nyingine hutoka pamoja na uchafu.

MTOTO AULAMBAYE UKUTA

Hapa twafika kwenye jambo ambalo halikusemwa na bwana wala bibi, nalo ni kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi sehemu nyingi za ulimwengu walitia madini ya risasi ndani ya rangi, hasa rangi za mafuta. Walitia kwa sababu risasi huleta manjano, nyekundu na kijani zinazong'aa, tena hufanya rangi ikauke upesi. Lakini risasi ni sumu. Ikiingia mwilini mwa mtoto mdogo huudhuru ubongo wake, nayo huweza kumpunguzia akili ya kujifunza maisha yake yote. Wataalamu wa afya wamesema kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama.

Kenya imeweka kanuni kwamba risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu 1,000,000 za rangi. Yafaa mnunuzi alisome kopo kabla ya kulipa, aitafute alama ya ubora na maneno yasemayo kwamba haina risasi, wala asinunue rangi iliyopimwa kutoka debe lisilo na jina. Rangi zipimwapo mara kwa mara, zile zing'aazo, kama manjano na nyekundu kali, ndizo zionekanazo kuwa na risasi nyingi. Nyeupe aghalabu huwa na kidogo. Weupe wa siku hizi hutoka katika titani, madini ambayo mawe yake yalichimbwa katika mchanga wa Kwale tangu mwaka 2013 hata Desemba 2024. Damu ya mzee nayo yaweza kutengenezwa bila sumu, kwa kutumia kutu ya chuma, ambayo ni jamaa ya ngeu, ule udongo mwekundu ambao wanawake wa Kiturkana walichanganya na mafuta na kujipaka mwilini. Lakini macho hayawezi kutambua wekundu wa chuma na wekundu wa risasi. Kopo tu ndilo litakalosema.

Na mwenye kukwangua ukuta wa zamani asiukwangue mkavu. Aulowanishe kwanza, awatoe watoto nje, kisha akusanye maganda yote na kuyatupa mbali na kuku na mbuzi.

UKUTA WA UDONGO NAO?

Wengine watauliza habari za kuta za udongo, kama zile nyingi za Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 na kumekuwa mji mkubwa wa maduka na nyumba. Ukuta wa udongo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiufunga kwa rangi ya mafuta, unyevu hutafuta njia, na rangi hubanduka kama ngozi ya nyoka pamoja na udongo wake. Ukuta kama huu ni rafiki wa chokaa. Chokaa ni rahisi, ni nyeupe, na mtu aweza kuipaka upya mwenyewe kila mwaka. Ila achunge macho na mikono, kwani chokaa huunguza.

HESABU YA CHUMBA

Sasa turudi kwa fundi, ambaye bado angoja juu ya debe. Kuta zote nne za chumba chetu, ukienda juu mita 2.7 na kuondoa mlango na dirisha, ni kama mita za mraba 32. Lita moja ya rangi hutosha mita za mraba 10 hivi kwa kupaka mara moja. Kwa kupaka mara mbili, rangi yo yote wachaguayo, watahitaji kama lita 6 na nusu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mwisho. Mwenye kuanza na krimu akabadili nia, aweza kupaka damu ya mzee juu yake mara mbili, ikaisha. Mwenye kuanza na damu ya mzee akataka krimu, atapaka mara tatu, pengine nne, na wekundu bado utachungulia. Ni rahisi kwenda gizani kuliko kurudi. Kwa mtu mwenye fedha za mara moja tu, hili si jambo dogo.

Shauri letu kwa watu wale wawili ni hili: wote wawili wapewe haki yao, juu ya ukuta mmoja. Ingia katika shule, zahanati au ofisi nyingi za Kenya na Tanzania, utaona kwamba sehemu ya chini ya ukuta imepakwa rangi nzito ya mafuta na sehemu ya juu imepakwa krimu. Wengi hudhani ni pambo tu. Kumbe ni hesabu ya zamani: rangi nzito iwe mahali ambapo mikono na migongo hugusa, na rangi nyepesi iwe mahali ambapo mwanga husafiri.

Fundi na apime mita 1.2 kutoka sakafuni katika kila pembe, anyoshe uzi uliopakwa ngeu, auvute na kuuachia, nao utaandika mstari ulionyooka. Chini ya mstari, kama mita za mraba 15, apake damu ya mzee ya mafuta isiyo na risasi, mara mbili: lita 3 zitatosha. Juu ya mstari, kama mita za mraba 17, apake krimu ya maji mara mbili: lita 3 na nusu. Dari ikipatikana, iwe nyeupe. Meza ya mtoto iwekwe karibu na dirisha, na taa yake itundikwe juu ya mstari, mbele ya ile krimu, isiwe chini yake.

Kabla ya kununua makopo makubwa, na wapake rangi hizo mbili juu ya kipande cha boksi, wakitundike ukutani siku moja, wakitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku kwa taa. Rangi iliyopendeza dukani chini ya jua la mlangoni si lazima ipendeze saa mbili usiku.

"Basi," huenda bwana akauliza, "na lile joto?"

Joto, Baba Watoto, lingali juu ya bati. Fedha za kwanza zitakazopatikana baada ya hizi, usizipeleke ukutani tena. Zipeleke kwenye dari.